Panzi, Ngamia na Farasi wa Usiku: Historia ya Sataranji ya Ajabu

Fumbo la sataranji ni mpangilio wa kete uliobuniwa na mtunzi, na chini yake huandikwa sharti: Weupe waanze, wamfunge mfalme mweusi kwa hatua mbili, tatu au zaidi, hata Weusi wakijitetea kwa kila njia. Katika mafumbo ya kawaida kete ni zile zile za mashindano, yaani mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na kitunda, na kila moja inakwenda kama ilivyozoeleka. Sataranji ya ajabu ni tawi la utunzi huo ambamo mtunzi huruhusiwa kubadili kete, ubao, kanuni za kula na kutembea, au hata sharti lenyewe. Badiliko hutangazwa wazi juu ya fumbo, na likishatangazwa hufuatwa mpaka mwisho bila kupindishwa. Mengine yote hubaki kama yalivyo. Ufumbuzi lazima uwe mmoja, kete isiyo na kazi haiwekwi ubaoni, na hatua ya kwanza haipaswi kuwa ile ambayo kila mtu angeijaribu mara moja. Kwa hiyo tawi hili linaloonekana kuwa la vichekesho ni kazi ngumu kuliko mafumbo ya kawaida, maana mtunzi hana mazoea ya karne nyingi ya kumwongoza.

Mafumbo yenyewe ni ya kale. Huko Baghdad, katika karne ya 9 na ya 10, mabingwa waliocheza mbele ya makhalifa waliandika vitabu vya sataranji vilivyojaa mipangilio ya kufumbua, iliyoitwa mansubat. Al-Adli aliandika kitabu chake katika karne ya 9. As-Suli, aliyefariki mwaka 946, alimshinda bingwa wa zama zake mbele ya Khalifa al-Muktafi, na fumbo lake moja, lililopewa jina la almasi, liliwashinda wafumbuzi kwa karibu miaka elfu moja, hadi bingwa wa Kirusi Yuri Averbakh alipolifumbua katika karne ya 20. Kanuni za wakati huo hazikuwa za leo. Mahali pa malkia alisimama waziri, aliyekwenda mraba mmoja tu kimshazari. Mahali pa askofu alisimama ndovu, aliyeruka mraba wa pili kimshazari bila kujali kilichosimama katikati.

Fumbo mashuhuri kuliko yote ya enzi hiyo ni la Dilaram. Hadithi yake inasema kwamba mchezaji mmoja alimweka rehani mkewe Dilaram katika mchezo uliokuwa ukielekea kumshinda. Dilaram alikuwa akitazama, akaona njia, akamdokeza mumewe atoe ngome zake mbili ziliwe ili yeye asipotee. Katika ufumbuzi ndovu anaruka juu ya farasi wa upande wake, na kwa kuondoka pale alipokuwa anaifungulia ngome njia. Kisha ngome ya pili nayo inatolewa, na kitunda na farasi wanamaliza kazi. Mchezaji wa leo akipewa fumbo hilo hataweza kulifumbua mpaka aelezwe kwanza ndovu anakwendaje. Ndiyo maana watunzi wa sataranji ya ajabu wamewaingiza ndovu na waziri wa zamani katika orodha yao ya kete za ajabu, ingawa kete hizo ni za zamani kuliko malkia na askofu wa kisasa.

Hamu ya kubadili ubao nayo ilikuwapo mapema. Al-Mas'udi, msafiri na mwanahistoria wa karne ya 10, yule yule aliyesafiri baharini kutoka Oman hadi Qanbalu kwenye pwani ya Afrika Mashariki, aliandika kuhusu mbao za aina mbalimbali zilizojulikana zama zake, ukiwamo ubao wa duara. Kule Hispania, mwaka 1283, kitabu cha michezo kilichoandikwa kwa amri ya Mfalme Alfonso wa Kumi kilieleza sataranji kubwa ya miraba 12 kwa 12, yenye simba, mamba, twiga na ndege mkubwa wa hadithi miongoni mwa kete zake. Sataranji inayohusishwa na mtawala Timur ilichezwa kwenye ubao wa miraba 112, na ndani yake walikuwamo ngamia na twiga. Michezo hiyo haikuenea sana, lakini wanyama wake walirudi baadaye katika mafumbo. Farasi huruka mraba mmoja upande huu na miwili upande ule. Ngamia wa watunzi wa kisasa huruka mmoja na mitatu, hivyo akiwa a1 anafika b4 au d2. Punda milia huruka miwili na mitatu, na kutoka a1 anafika c4 au d3. Twiga huruka mmoja na minne.

Mwishoni mwa karne ya 15 Ulaya ilibadili kanuni, ikawapa malkia na askofu mwendo mrefu tunaoujua, na kwa muda mrefu baada ya hapo utunzi ulifuata kanuni hizo mpya. Hata hivyo sharti lenyewe lilikuwa limekwisha kuanza kuchezewa. Tangu Zama za Kati kulikuwa na mafumbo ya kujifungisha, ambamo Weupe huwalazimisha Weusi wamfunge mfalme mweupe huku Weusi wakijitahidi kuepuka ushindi huo. Mjerumani Max Lange alileta wazo jingine mwaka 1854: fumbo la kusaidiana, ambamo pande zote mbili zinashirikiana ili mfalme mweusi afungwe. Mwaka 1860 Mmarekani Sam Loyd alichapisha fumbo la namna hiyo ambamo Weusi ndio wanaoanza, na utaratibu huo ndio uliodumu. Mafumbo ya kusaidiana yamepata umaarufu mkubwa hivi kwamba siku hizi yana sehemu yake yenyewe katika mashindano, wala hayahesabiwi tena kuwa ya ajabu.

Mtu aliyeyakusanya majaribio haya yaliyotawanyika na kuyafanya fani yenye jina, jarida na jumuiya ni Mwingereza Thomas Rayner Dawson, aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1951. Riziki yake aliipata katika utafiti wa raba ya viwandani. Mafumbo aliyafanya baada ya saa za kazi, na kiasi cha alichokiacha kinashangaza: zaidi ya mafumbo 6,000, na zaidi ya 5,000 kati yake ni ya ajabu. Mwaka 1915 aliandika pamoja na W. Hundsdorfer kitabu kuhusu mafumbo ya kurudi nyuma, ambamo mfumbuzi hutakiwa kuthibitisha mchezo ulifikaje pale ulipo. Jina la Kiingereza la fani hii, linalouhusisha mchezo huu na viumbe vya ngano, lilipendekezwa na Henry Tate wa Australia mwaka 1914, na ni Dawson aliyelifanya lienee.

Kete yake mashuhuri zaidi ni panzi, aliyemleta kwa mara ya kwanza mwaka 1913 katika gazeti la Cheltenham Examiner. Panzi hufuata mistari ya malkia, lakini hawezi kutembea mpaka apate kete ya kuiruka. Humwendea jirani wa kwanza aliye kwenye mstari wake, awe wa rangi yoyote, akamruka na kutua mraba unaofuata mara moja, si mwingine. Kama mraba huo una adui, anamla. Kama una mwenzake, hawezi kwenda. Panzi akiwa a1, na kete nyingine zikiwa a5, d4 na e1, anaweza kutua a6, e5 au f1, na hakuna kwingine. Kwenye ubao mtupu panzi hana hatua hata moja.

Kanuni hiyo ni fupi, lakini inageuza ulinzi wote wa mfalme juu chini. Chukua mfalme mweusi aliye e1, panzi mweupe aliye a1, na kete yoyote iliyo d1. Mfalme yuko hatarini, kwa sababu panzi anaweza kuiruka kete hiyo na kutua juu yake. Katika sataranji ya kawaida anayetishiwa na ngome hujikinga kwa kuweka kete kati ya ngome na mfalme. Hapa Weusi wanaweza kuweka kete b1 au c1, na tishio linakwisha, lakini sababu si kwamba njia imezibwa. Panzi amepata mtu mwingine wa kumruka na sasa anatua c1 au d1, mbali na mfalme. Kinga nyingine ni kumwondoa aliyerukwa. Weusi wakiiondoa d1, panzi hana cha kuruka na mfalme amesalimika. Na kama kete ya d1 ni ya Weupe wenyewe, wao ndio wanaolilinda tishio kwa kuikaza isisogee. Mtunzi anayemtumia panzi anaanza kuona kila kete ubaoni kwa macho mawili, kama kizuizi na kama daraja, na humo ndimo mafumbo mazuri ya panzi yalimotoka. Hakuna kete nyingine ya kubuniwa iliyotumiwa na watunzi wengi kiasi hicho.

Mwaka 1925 Dawson alileta farasi wa usiku. Huyu hupiga hatua ya farasi, kisha akaendelea kuipiga ile ile kwa mwelekeo ule ule mpaka azuiwe. Akiwa a1 anaweza kufika b3, c5 na d7, au c2, e3 na g4. Farasi wa kawaida hazuiliki, lakini huyu huzuilika, kwa maana kete ikiwekwa c5 njia ya d7 imefungwa. Kutoka kwa sataranji ya Kichina Dawson alichukua wazo la mzinga, unaotembea kama ngome lakini hauli adui mpaka uwe na kete katikati ya kurukia, akalipanua mpaka likazaa kete nyingine, mojawapo ikifuata njia za malkia. Alitunga pia mafumbo ya kete zisizo za upande wowote, ambazo kila mchezaji anaruhusiwa kuzitumia kama zake zamu yake inapofika. Na mwaka 1913, mwaka ule ule wa panzi, alitunga kanuni ya hatua ndefu, inayowalazimu Weusi kila mara kucheza hatua iliyo ndefu kuliko zote walizo nazo. Weusi hawana tena uhuru wa kuchagua, na Weupe wanaweza kuwaongoza watakako, ilmradi wapime urefu wa kila hatua.

Utunzi mwingi namna hiyo ulihitaji mahali pa kuchapishwa. Chama cha mafumbo ya sataranji cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1918, na Dawson alikuwa mhariri wa jarida lake, The Problemist, kuanzia mwaka 1922 hadi 1931. Mwaka 1930 alianzisha nyongeza ya jarida hilo iliyoshughulikia mafumbo ya ajabu peke yake, ambayo baadaye iliitwa Fairy Chess Review, akaihariri mpaka kufa kwake. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1931, alisimamia ukurasa wa mafumbo wa British Chess Magazine. Rafiki yake Charles Masson Fox, mfanyabiashara wa Cornwall, alikuwa mtunzi mwenye kipaji na mmoja wa waliokuwa nyuma ya chama hicho. Fox alipofariki mwaka 1935, Dawson alikusanya mafumbo yake katika kitabu kilichotoka mwaka uliofuata. Vitabu vya Dawson mwenyewe kuhusu fani hii vilitoka kuanzia mwaka 1935 hadi 1947.

Fairy Chess Review lilikuwa na kitu ambacho majarida mengine ya sataranji hayakuwa nacho: nafasi ya hesabu. Ndani yake zilichapishwa njia za farasi anayepita kila mraba mara moja tu, na kuanzia mwaka 1937 maswali ya kugawa ubao katika vipande vya miraba iliyoungana. Wasomaji walihesabu maumbo ya miraba mitano na sita, wakatafuta namna ya kuyapanga yajaze mstatili bila pengo. Matokeo mengi yanayohusu maumbo hayo yalichapishwa humo kwanza, kabla Mmarekani Solomon Golomb hajayapa jina lake la kihesabu katika miaka ya 1950 na wanahisabati wengi kuanza kuyashughulikia.

Mfano mwingine unaonyesha jinsi swali la mtunzi linavyoweza kwenda mbali. Dawson aliuliza hivi: chukua ubao wa mistari mitatu tu na safu nyingi utakavyo. Mstari wa kwanza uujaze vitunda vyeupe, wa tatu vitunda vyeusi, wa kati ubaki mtupu. Kula ni lazima. Anayecheza hatua ya mwisho ameshindwa. Nani anashinda? Kitunda kimoja kikisogezwa mbele kinaliwa na jirani wa upande wa pili, naye analiwa, na kula huko kunaendelea mpaka safu hiyo pamoja na safu za jirani zimekwisha kazi. Basi kila hatua ya hiari ni sawa na kuchagua safu moja, kisha safu hiyo na majirani zake wanatoka mchezoni. Richard Guy, aliyekuwa mtunzi wa mafumbo kabla ya kuwa mwanahisabati mashuhuri, alilichukua swali hilo lakini akalichunguza kwa kanuni iliyo kinyume, kwamba anayecheza mwisho ndiye mshindi. Mwaka 1956 yeye na Cedric Smith walichapisha uchambuzi wao. Thamani za mchezo huo, kadiri safu zinavyoongezeka, hufika mahali zikaanza kujirudia kila baada ya safu 34. Kazi hiyo ni miongoni mwa misingi ya nadharia ya michezo ya hesabu inayofundishwa vyuoni leo, na kwa jina la Dawson mchezo huo unajulikana hata kwa watu wasiowahi kushika kete ya sataranji. Kanuni aliyoitaka Dawson mwenyewe, ya mchezaji wa mwisho kushindwa, ni ngumu zaidi sana.

Dawson alipofariki, jarida lake liliendelea hadi mwaka 1958, lakini kitovu cha fani kilikuwa kimekwisha kuhamia bara la Ulaya. Ujerumani ilikuwa na chama cha watunzi tangu mwaka 1924, na jarida la feenschach, lililoanzishwa mwaka 1949, likawa nyumba ya mafumbo ya ajabu. Watunzi wanaolipenda walianza kukutana kila mwaka katika mji wa Andernach, kando ya mto Rhine, na mji huo ulitoa jina kwa kanuni moja: kete inayokula, isipokuwa mfalme, hubadili rangi na kuwa ya adui.

Kizazi hiki cha pili kilipendelea kubadili kanuni kuliko kubuni kete. Kanuni iliyopendwa zaidi ni ya Circe, iliyobuniwa na Wafaransa P. Monréal na J.-P. Boyer na kuelezwa katika jarida la Problème mwaka 1968. Ndani yake kete inayoliwa haifi. Inarudi mahali ilipoanzia mchezo, kama mahali hapo pako wazi. Kitunda hurudi kwenye safu kilipoliwa, katika mstari wake wa mwanzo. Ngome, farasi na askofu hurudi kwenye mraba wa mwanzo wenye rangi sawa na mraba walipoliwa. Ngome nyeusi ikiliwa d4, ambao ni mraba mweusi, inazaliwa upya h8. Sasa weka mfalme mweupe h1 na safu ya h ikiwa tupu. Weupe hawawezi kuila ngome ile ya d4 hata kidogo, kwa sababu ikizaliwa h8 inamtishia mfalme wao papo hapo. Kwanza lazima waweke kete h8, ili ngome ikiliwa isipate pa kurudia, au wazibe safu. Kula, ambako katika sataranji ya kawaida ni hatua isiyo na ufundi na watunzi huiepuka, kunakuwa hapa jambo la hila nyingi. Kanuni kadhaa zilizaliwa kutokana na hii, mojawapo ikimrudisha anayekula badala ya anayeliwa.

Mwaka 1979 Abdul Jabbar Karwatkar wa India aliongeza kanuni inayoitwa Madrasi. Kete ikishambuliwa na kete ya adui ya aina yake, inapooza. Haisogei, haili, wala haimtishii mfalme. Ngome nyeupe ya a1 na nyeusi ya a8, safu ikiwa wazi, zimekufa ganzi zote mbili. Yeyote akipita katikati yao zinazinduka pamoja. Nguvu ya kanuni hii iko katika ufupi wake. Inasemwa kwa sentensi moja, na matokeo yake bado yanaendelea kutumiwa na watunzi.

Upande wa mamlaka, kamati ya kudumu ya utunzi ndani ya shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, ilianza kazi mwaka 1956, na mkutano wa Piran wa mwaka 1958 uliweka kanuni za pamoja za utunzi. Albamu za FIDE, ambazo hukusanya mafumbo bora ya kila kipindi baada ya waamuzi kuyapa alama, zina sehemu ya mafumbo ya ajabu, na alama zinazopatikana humo huhesabiwa sawa na nyingine katika kumpatia mtunzi cheo cha umahiri au cha ubingwa mkuu.

Mabadiliko makubwa ya mwisho yaliletwa na kompyuta. Zamani mhariri wa mafumbo ya ajabu alikuwa na mzigo mzito: kuhakikisha kwa mkono kwamba fumbo la panzi wanne na farasi wawili wa usiku lina ufumbuzi mmoja tu, huku akili yake mwenyewe ikiwa haijazoea kete hizo. Katika miaka ya 1980 iliandikwa programu ya Popeye, iliyoanzishwa na Mfaransa Philippe Schnoebelen na kuendelezwa na wataalamu wa nchi kadhaa, ambayo inazijua kete na kanuni za ajabu kwa wingi na hutolewa bure. Mtunzi huipa mpangilio na sharti, nayo hutoa kila ufumbuzi uliopo. Mafumbo ya kale nayo yalipitishwa humo, na mengi yaliyochapishwa yakaonekana kuwa na ufumbuzi wa pili ambao wala mtunzi wala mhariri hakuuona. Baadhi yalitupwa. Mengine watunzi wa leo wameyatengeneza kwa kuhamisha kitunda kimoja au kuongeza kete, wakayachapisha tena yakiwa na majina mawili juu ya ubao, la aliyelitunga na la aliyelisahihisha.